Mfinyanzi Hulia Gaeni: Udongo, Moto na Mabadiliko ya Ardhi katika Sanaa ya Magdalene Odundo

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Katika shule zetu methali hii hufunzwa kama kejeli: mtu awaundiaye wenzake vyungu hukosa chungu chake mwenyewe, akaishia kupakua chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Maana hiyo ni sahihi na makala haya hayakusudii kuibatilisha. Hata hivyo, neno gae lina mengi ya kutufunza kuliko hiyo kejeli. Gae, au kigae kikiwa kidogo, ni udongo uliokwisha kupitia maji, mkono na moto, na ambao hauwezi tena kurudi kuwa udongo. Ni kipande cha ardhi kilichobadilika mara moja kikabaki hivyo.

Nilianza kulifikiria jambo hili katika kikao kimoja cha wanafunzi, nilipojaribu kuwaeleza wenzangu kwa Kiswahili picha ya chombo kilichofinyangwa na Magdalene Odundo. Chombo chenyewe kilikuwa cheusi, kimeng'aa kama kokoto la mtoni, tumbo lake limefura upande mmoja, na shingo yake imeinama kana kwamba kinasikiliza. Nilipofika kwenye namna kilivyoundwa na kilivyochomwa, maneno yalinipungukia, nikawa natia Kiingereza katika kila sentensi. Wenzangu walinivumilia, lakini niliona haya. Iweje mtu anayesomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili ashindwe kusimulia chungu?

Makala haya yana nia mbili. Kwanza, yanaeleza sanaa ya mfinyanzi huyu mzaliwa wa Nairobi kwa kuitazama kama kazi inayoendeleza mabadiliko ambayo ardhi yenyewe imekuwa ikiyapitia kwa mamilioni ya miaka. Pili, yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kuzungumzia kazi hiyo, na kwamba tunaupoteza msamiati huo kwa kutoutumia. Ni muhimu kutaja mapema kwamba usomaji unaotolewa hapa ni wangu. Sidai kwamba msanii mwenyewe amekusudia kutoa somo la jiolojia.

Udongo kama matokeo ya wakati

Katika Kiswahili neno udongo lina upana mkubwa. Mkulima hulitumia kwa kile anacholima, mjenzi kwa kile anachokandika ukutani, na mhubiri kwa asili na marejeo ya mwanadamu. Mfinyanzi anapotaka kubainisha udongo wake husema udongo wa mfinyanzi, yaani ule unaonata na kushika umbo. Tofauti hii ambayo lugha inaitambua ina msingi wake katika historia ya miamba.

Wanajiolojia hutueleza kwamba udongo wa mfinyanzi ni mtoto wa mwamba. Mengi ya majabali yaliyotokana na uoevu wa moto wa chini ya ardhi, pamoja na miamba mingi ya volkano, yana madini yaitwayo feldispa. Maji ya mvua yanayopita angani na ardhini hujipatia asidi hafifu kutokana na hewa ya kaboni. Maji hayo yanapoipenya feldispa kwa muda mrefu mno huiyeyusha kidogo kidogo, yakachukua baadhi ya elementi zake na kuacha madini mapya, kama vile kaolini. Chembe za madini hayo ni ndogo kupindukia, aghalabu chini ya mikromita 2, na zina umbo la vijisahani bapa. Maji yanapoingia kati ya vijisahani hivyo, huteleza kimoja juu ya kingine bila ya kuachana. Huko kuteleza bila kuachana ndiko kunakomwezesha mfinyanzi kuuvuta udongo ukanyooka, na kuuacha ukabaki ulivyo.

Udongo mwingine hubaki pale pale mwamba ulipooza. Mwingine huchukuliwa na mito, ukasagwa njiani, ukachanganyika na mabaki ya mimea na oksidi za chuma, kisha ukatua mabondeni na kando ya maziwa. Huu wa pili kwa kawaida hunata zaidi, na chuma kilichomo ndicho kinachoupa wekundu au uhudhurungi. Kwa hiyo, mwanamke anayechimba udongo kando ya mto hachimbi kitu kilichokuwako tangu milele. Anachimba mlima uliokwisha kusafiri.

Nasi Wakenya tunaishi juu ya mfano mkubwa wa mabadiliko hayo. Bonde la Ufa lilianza kufunguka katika Afrika Mashariki yapata miaka milioni 25 iliyopita au zaidi, ukoko wa dunia ukivutwa huku na huku hadi ukapasuka, na kupitia nyufa hizo zikatoka lava na majivu. Longonot na Menengai ni mashahidi wa moto huo. Udongo mwekundu unaojulikana sana wa Kabete na viunga vingine vya Nairobi ulitokana na miamba ya volkano iliyooza kwa muda mrefu. Msomaji aliyewahi kutembea huko siku ya mvua anajua jinsi udongo huo unavyong'ang'ania kiatu.

Safari ya msanii

Magdalene Anyango Namakhiya Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Sehemu ya utoto wake aliipitisha nchini India, na baadaye akasomea michoro na sanaa ya biashara katika chuo cha ufundi cha Kabete, juu ya udongo ule ule mwekundu tuliokwisha kuutaja. Wakati huo ufinyanzi haukuwa shabaha yake. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza, akaanza masomo ya sanaa mjini Cambridge, na ni huko ugenini alikokutana na udongo kama nyenzo ya usanii. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 alisoma katika chuo cha sanaa cha Farnham, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London.

Kati ya mwaka 1974 na 1975, akiwa bado mwanafunzi, alisafiri hadi Nijeria katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja kwa kuwa jina lake la awali lilipewa mji mkuu mpya. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyeng'ara zaidi pale ni Ladi Kwali, mwanamke aliyefinyanga mitungi mikubwa kwa mikono bila gurudumu, kwa ujuzi alioupata kwa wanawake wa kijiji chake. Picha yake imo katika noti ya naira 20 ya Nijeria. Odundo alijifunza kwa wanawake wa Abuja, na katika safari hizo alirudi Kenya pia kuutazama ufinyanzi wa mkono wa kwao. Baadaye alifika San Ildefonso, New Mexico, nchini Marekani, ambako wafinyanzi wenyeji, maarufu kati yao akiwa Maria Martinez, walikuwa wameupa uhai mpya ufinyanzi wa vyombo vyeusi vinavyong'aa.

Tunaona basi kwamba msanii huyu alikwenda mbali ili aone kilichokuwa karibu. Jambo hili si geni kwa wanafasihi. Wahusika wetu wengi huondoka nyumbani ili wapate kulielewa nyumbani. Odundo alifundisha kwa miaka mingi huko Farnham na akawa profesa wa sanaa ya ufinyanzi. Mwaka 2008 alipewa nishani ya OBE, mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha University for the Creative Arts, na mwaka 2020 akatunukiwa cheo cha Dame. Vyombo vyake vimehifadhiwa katika makavazi makubwa, likiwemo British Museum la London, na mwaka 2022 vilionyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia.

Mkono na moto

Ili kuuelewa usanii wake, yafaa tufuate hatua za kazi yenyewe. Odundo hatumii gurudumu. Huanza na bonge la udongo, akalifinya na kulivuta ukuta wake uinuke, kisha akaongeza pingili za udongo duara juu ya duara. Hapa Kiswahili kinatusaidia mno. Kitenzi finyanga hakiko mbali na finya, yaani kubana kwa vidole. Asemaye kwa lugha yetu kwamba mtu anafinyanga chungu tayari ametaja mbinu yake: kubana na kuachia, kubana na kuachia, mpaka umbo lijitokeze. Ardhi nayo, ukiitazama kwa jicho la mwanajiolojia, haifanyi jingine. Hubanwa ikakunjamana kuwa milima, huvutwa ikapasuka kuwa mabonde.

Ukuta ukishasimama, Odundo huukwangua kwa kipande cha kibuyu na vifaa vingine mpaka uwe mwembamba na sawia. Chombo kikikauka kiasi, hukipaka uji mwepesi wa udongo laini sana, kisha hukisugua kwa muda mrefu. Kusugua huku huvilaza vijisahani vya udongo vikaelekea upande mmoja, na uso wa chombo ukaakisi mwanga. Vyombo vyake havipakwi rangi ya kioo inayofunika udongo. Mng'ao wote ni wa udongo wenyewe uliopangwa upya na mkono.

Hatimaye huja moto. Wanafunzi wa Kiswahili yafaa wakumbuke kwamba tanuri la kuchomea vyungu lina jina lake, nalo ni joko. Ndani ya joko, maji yaliyojificha kati ya chembe hutoka kwanza. Kisha, kati ya nyuzijoto 450 na 600 hivi za Selsiasi, hata maji yaliyofungamana na madini yenyewe hung'olewa, na hapo udongo hupoteza uwezo wake wa kulainika. Chungu kibichi kilichokauka kikitumbukizwa majini huporomoka kikawa tope, na mfinyanzi anaweza kuanza upya. Kilichokwisha kuchomwa hakiwezi. Joto likizidi, chembe huanza kushikana zikawa kama jiwe. Kilichoichukua ardhi zama nyingi kukifanya, yaani kuozesha mwamba hadi ukawa udongo, moto hukigeuza kwa muda wa saa chache tu, ukaurudisha udongo katika ugumu unaofanana na wa mwamba, ingawa si mwamba ule wa awali.

Rangi za vyombo vya Odundo pia ni matokeo ya mabadiliko hayo. Joko likiwa na hewa ya kutosha, chuma kilichomo katika udongo huungana na oksijeni, na chombo hutoka na rangi nyekundu au ya chungwa. Kwa kazi nyingine, msanii hukichoma chombo tena kikiwa kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao au vitu vingine viunguavyo, hewa ikiwa haba. Moto unaokosa hewa huitafuta oksijeni ndani ya udongo, ukaipokonya ile oksidi nyekundu sehemu yake na kuiacha nyeusi, huku kaboni ya moshi ikijipenyeza katika uso wa chombo. Pengine chombo kimoja hubeba hali zote mbili, weusi ukififia na kuwa wekundu begani au shingoni. Udongo ni ule ule. Kilichotofautiana ni yale uliyoyapitia. Ndiyo maana majina ya vyombo vyake vingi hayatuelezi kisa chochote. Hutaja tu umbo, kama lina ulinganifu au la, na namna moto ulivyokipitia chombo. Ni kana kwamba msanii anasema kwamba hicho ndicho kisa chenyewe.

Sharti tukiri kwamba moto haumtii mfinyanzi kikamilifu. Chombo kinaweza kupasuka, au wekundu ukatokea pasipotarajiwa. Mfinyanzi anaweza kuandaa mazingira ya mabadiliko, lakini hawezi kuyaamuru yote. Hapa ndipo ninapoona ukaribu wake mkubwa zaidi na mabadiliko ya ardhi. Katika sanaa nyingi, msanii ndiye mwenye neno la mwisho. Katika ufinyanzi, neno la mwisho ni la joko.

Mwili wa chungu na mwili wa lugha

Wahakiki wengi wameona katika vyombo vya Odundo umbo la mwili wa mwanadamu, hasa wa mwanamke: tumbo la mja mzito, kiuno, bega, shingo iliyonyooshwa, na vijinundu mithili ya chuchu au uti wa mgongo. Baadhi ya midomo mipana ya vyombo hivyo imelinganishwa na mitindo ya nywele ya wanawake wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo. Mhakiki anayeandika kwa lugha nyingine aweza kuutaja ulinganifu huu kama sitiari ya msanii. Kwa msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, sitiari hiyo imo tayari katika lugha ya kila siku. Mtungi wetu una mdomo, una shingo, una tumbo. Hakuna anayeona kwamba ametumia tamathali anaposema kuwa mtungi umepasuka tumboni. Odundo ameichukua sitiari iliyolala katika lugha na kuiamsha katika udongo.

Vilevile, Kiswahili hakikuridhika na neno moja la kutaja chombo cha udongo. Tunacho chungu cha kupikia, na jungu likiwa kubwa. Mtungi wa maji. Kasiki na balasi, ambayo ni mitungi mikubwa ya kuhifadhia. Gudulia la kupozea maji ya kunywa. Kaango la kukaangia. Mkungu wa kupakulia au kufunikia. Na chetezo cha kufukizia ubani na udi. Tuna kuvunja jungu, ile karamu ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, na mdudu aitwaye vunjajungu. Tunasema wazazi hufinyanga tabia za watoto, na tunawahimiza wazazi hao kwa methali isemayo: udongo uwahi ungali maji. Methali hii ya mwisho si ushauri wa malezi pekee. Ni maelezo sahihi ya kifundi kuhusu hatua ile ambayo ikipita hairudi.

Baada ya kikao kile kilichonitia haya, nilikwenda kumtazama mama mmoja mkongwe, jirani ya nyanya yangu huko magharibi mwa Kenya, ambaye bado hufinyanga vyungu vya kuuza sokoni. Nilimkuta akitwanga vigae vya chungu kilichovunjika. Nilimwuliza, "Nyanya, mbona unarudi kukisaga kilichokwisha kuharibika?" Aliniita mjukuu wake, akacheka, kisha akanieleza kwamba unga wa chungu cha kale huchanganywa na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni, maana cha kale kinaujua moto. Fundi wa maabara angelisema jambo lilo hilo kwa njia nyingine: chembe zilizokwisha kuchomwa hazinywei tena, kwa hiyo hupunguza kunywea kwa udongo mbichi unapokauka na kuungua. Maelezo yote mawili ni kweli. Lakini la yule nyanya lilinikaa zaidi, kwa kuwa lilinionyesha kwamba gae halikuwa takataka. Lilikuwa sehemu ya chungu kijacho.

Gae kama kumbukumbu

Wazo hili la gae linaloendelea kuishi linatufikisha katika uwanja unaowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili, yaani historia ya Waswahili na lugha yao. Odundo hutazama sana vyombo vya kale vilivyohifadhiwa katika makavazi, na katika maonyesho yake yaliyofanyika Wakefield, Uingereza, mwaka 2019, kazi zake ziliwekwa pamoja na vyombo vya zama na mataifa mbalimbali. Kwa kufanya hivyo alitukumbusha kwamba chungu ni hati. Kitambaa huoza, mti huliwa na mchwa, neno lililosemwa hupotea hewani. Kigae hubaki ardhini karne kwa karne.

Katika nchi yetu vigae vimefanya kazi kubwa. Urewe, mahali palipo Siaya, palitoa jina la aina ya vyungu vya mwanzo wa zama za chuma, ambavyo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1948. Kwale, katika pwani yetu, imetoa jina la aina nyingine inayohusiana nayo, iliyochunguzwa na Robert Soper katika miaka ya 1960. Wataalamu wengi huvihusisha vyungu hivi na kuenea kwa wakulima na wafua chuma ambao yamkini walizungumza lugha za Kibantu. Hatuna kinasa sauti cha wahenga wetu hao; tunavyo vigae vyao, vyenye michirizi waliyoichora kwa mikono yao udongo ungali maji.

Mjadala kuhusu asili ya miji ya Waswahili nao uliamuliwa kwa sehemu kubwa na vigae. Watafiti wa awali, kama James Kirkman na Neville Chittick, walielekea kuiona miji hiyo kuwa zao la wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya vigae vya tangu matabaka ya chini, ya karne ya nane, ilikuwa ya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa Afrika Mashariki, vingi vikiwa na nakshi za pembetatu zinazopatikana pwani na bara pia. Mwanaakiolojia wa Tanzania, Felix Chami, katika utafiti wake wa mwaka 1994, aliihusisha nakshi hiyo na jamii za wafua chuma zilizotangulia. Vyombo vya kigeni vilikuwapo, maana Mswahili ni mtu wa bahari na biashara. Lakini chungu cha kupikia, kile kinachokaa jikoni na kumjua mwenye nyumba, kilikuwa cha hapa.

Tazama basi jinsi methali yetu inavyogeuka. Mfinyanzi aliyelia gaeni alituachia sisi gae la kusomea. Wanawake ambao majina yao hatutayajua kamwe waliandika, bila ya kujua, ushahidi kwamba ustaarabu wa pwani ulikuwa na mizizi katika udongo wa pwani. Chombo cha Odundo, kilichosuguliwa kwa mkono na kuchomwa bila ya rangi ya kioo, ni ndugu wa karibu wa chungu cha Urewe kuliko cha sahani nyeupe iliyomo kabatini mwetu.

Pingamizi mbili

Kuna watakaosema kwamba Odundo ameishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne na kwamba sanaa yake ni ya huko. Hoja hii ina ukweli wake. Mafunzo yake rasmi ya ufinyanzi, ajira yake na hadhira yake kubwa vimekuwa huko, naye amejifunza kwa Wanijeria, kwa wenyeji wa New Mexico na kwa vyombo vya Ugiriki na Misri ya kale. Lakini udongo wenyewe unatufunza kwamba kusafiri si kupotea. Udongo uliochukuliwa na mto huwa na mchanganyiko zaidi, na aghalabu hunata zaidi kuliko uliobaki mlimani.

Wengine watauliza: je, chombo kisichoteka maji wala kupika chakula ni chungu? Swali hili linafanana na lile tunaloulizwa sisi wanafasihi kila mwaka, la faida ya shairi. Chombo cha Odundo kina kila kilicho cha mtungi, isipokuwa kazi ya mtungi. Kwa kuondolewa kazi hiyo, kinatulazimisha tuutazame ule uwazi wa ndani, ule unene wa ukuta, na ile mikono iliyopita hapo. Mtungi wa nyumbani hatuutazami hivyo. Tuna haraka na kiu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ufinyanzi wa Magdalene Odundo ni sura moja katika kisa kirefu cha ardhi: mwamba ukaoza ukawa udongo, udongo ukasafiri, mkono ukaufinya, moto ukaugeuza, na gae likabaki kushuhudia. Yamejaribu pia kusimulia kisa hicho kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji ndiye atakayeamua kama yamefaulu.

Linalobaki ni wajibu wetu. Maandishi mengi yanayopatikana kwa urahisi kuhusu msanii huyu ni ya Kiingereza, na mwanafunzi wa Kenya anayetaka kumjua mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi huanzia huko. Hapo ndipo kejeli ya methali inapotuuma: sisi wenye joko, kasiki, balasi na kaango tunakula katika gae la lugha ya wengine. Wakati huo huo, wafinyanzi wakongwe wa vijiji vyetu wanapungua, na sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya kazi zao. Kila mmoja wao anajua majina ya udongo, ya vifaa, ya hatua za kukausha na ya kasoro za moto, katika lugha za kwao na katika Kiswahili. Majina hayo yangeweza kukusanywa na wanachama wa chama hiki kwa daftari na kalamu, kila mmoja akianzia kijijini kwao wakati wa likizo.

Mimi nimekwisha kuanza na yule jirani ya nyanya. Kufikia sasa amenitajia maneno kumi na saba, na mengine amesema atanitajia nitakapomsaidia kuchimba udongo. Nitakwenda mwezi ujao, kabla ya mvua. Udongo uwahi ungali maji.